Ningu wa Serikali

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani inayouzwa dukani nikaikosa, na nina hakika msomaji naye akichungulia dirishani kwake hataiona. Kwa hiyo asijitokeze mtu kusema nimemsema. Nchi hiyo ina ziwa, ziwa lina mto unaoingia, na serikali yake ni nzuri kuliko zote, jambo ambalo redio yake hulitangaza kila saa kabla ya bei za mazao.

Mimi naitwa Chirangi, fundi cherehani wa mji wa Kabweja, pale mto unapokutana na ziwa. Siasa sizijui. Ninachokijua ni kiuno cha mtu: mwaka jana kilikuwa wapi na sasa kimefika wapi. Nilishona suruali za Mheshimiwa Lubigisa alipokuwa mwalimu wa hesabu, nikazipanua alipokuwa diwani, nikazishona upya alipoingia bungeni, na alipoteuliwa kuwa Waziri wa Ustawi wa Samaki niliacha kitambaa cha akiba ndani ya kila mshono, maana nilikwisha kujifunza. Ni mteja mzuri. Hulipa kwa ahadi, na ahadi zake hazijawahi kupungua.

Kabla ya uwaziri wake samaki wa ziwa letu waliishi ovyo. Walizaliana bila kibali, wakahama bila kuaga, na mvua zikianza ningu walikuwa wakipanda mto kwa makundi, kinyume cha maji, bila mpango kazi wowote. Ndipo Wizara ikatuletea vizimba: nyavu kubwa za duara zilizofungwa kwenye mapipa yanayoelea, na ndani yake sato wa kufugwa, wote wa umri mmoja, wote wakizunguka upande mmoja.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa alisema siku ya uzinduzi, "samaki wa zamani ulikuwa unamfuata. Samaki wa sasa anakusubiri."

Tulipiga makofi. Wenzangu walipiga kwa sababu ya soda, mimi nilipiga kwa sababu ya koti, maana lilimkaa vizuri sana mabegani.

Sato hao walilishwa punje, na punje zilitengenezwa kwa dagaa wa ziwa lile lile. Zamani dagaa hao tulikuwa tunawala sisi, bila utaratibu. Sasa walivuliwa, wakapelekwa kiwandani, wakasagwa, wakarudishwa ziwani, wakaliwa na sato, ili sisi tuliozoea kula dagaa tupate samaki. Mtu asiyeelewa uchumi anaweza kuona kuna mzunguko mrefu hapo katikati. Nilimwuliza Mheshimiwa nilipokuwa nampima kifua, akanieleza kwamba huo urefu ndio maendeleo yenyewe.

*

Kulisha kulihitaji walishaji, na mmoja wao alikuwa Bwire, mtoto wa jirani yangu Mama Bwire. Kijana mpole, ana mikono mikubwa, hana maneno mengi. Kazi yake ilikuwa kupiga debe kila sato wanapotakiwa kula, kisha kumwaga punje. Sato walilijua debe lile. Likilia, maji ndani ya vizimba yalichemka.

Ila wavu ni wavu. Punje nyingi zilipenya chini, na chini kulikuwa na wenyewe. Kwanza walikuja furu, wakafuata kambare, na mwisho wakaja ningu. Walikaa chini ya vizimba mchana kutwa, wakisikiliza debe. Bwire alitoa taarifa kazini kwamba samaki wa porini wameacha vilindi na wamehamia vizimbani. Alidhani ataulizwa ni wangapi. Badala yake Mheshimiwa alikwenda redioni jioni ile ile.

"Samaki wa porini," alitangaza, "kwa hiari yao wenyewe, bila kushawishiwa na mtu, wameamua kuunga mkono juhudi."

Wavuvi wakaanza kurudi na mitumbwi mitupu, kwa kuwa samaki wote walikuwa chini ya vizimba, na kuvua karibu na vizimba kulikatazwa. Ningu mmoja mmoja aliyepatikana alikuwa mnene, nyama imelegea, na ukimkaanga jiko zima lilinuka kama duka la chakula cha kuku. Sato walipougua vidonda vya mkia, ningu nao wakaugua vile vile. Wizara ilisema huo ni ushahidi kwamba huduma zinawafikia wote.

*

Kila penye ukarimu hapakosekani mdokozi, na Wizara ilifanya hesabu ikagundua kwamba samaki wa porini wanakula chakula ambacho hawakuandikiwa. Kuwafukuza kulishindikana. Hapo ndipo ilipopitishwa Sheria ya Tumbo, ambayo ni fupi na hata mtoto anaielewa: samaki ni wa yule aliyemlisha. Samaki yeyote, popote atakapopatikana, akikutwa na punje tumboni ni mali ya Serikali, na aliyemvua ni mwizi wa mali ya Serikali.

Wakaajiriwa Walinzi wa Matumbo, nami nikapewa kazi ya kuwashonea sare: shati la kijani, kofia ya kijani, na mbele mfuko mpana wa kutilia vidhibiti. Nilizishona kwa moyo wangu wote. Walinzi walisimama pale mwaloni, mitumbwi ikifika wanapasua samaki tumbo wanatazama. Haikuchukua muda gereza la Kabweja likajaa wavuvi, akiwemo Magafu, mdogo wake marehemu baba yake Bwire, aliyekamatwa na kambare mmoja. Alijitetea kwamba yeye hakuwa na habari za ndani za kambare. Hakimu alimwambia kutojua yaliyomo tumboni si utetezi.

Nilikwenda kumwona. Aliniuliza kama sare zile ni kazi yangu. Nikamwambia ndiyo. Akasema mishono imenyooka, na hakuniangalia tena.

*

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu, maana msomaji wa mbali hatalijua. Kwetu mtu anaweza kutoa ng'ombe, akatoa na mablanketi, na bado akawa hajaposa. Mama wa kijana sharti ampelekee mama wa binti ningu mmoja aliyekamatwa akipanda mto, mzima, tumbo halijaguswa. Mama wa binti huchukua kisu, akalifungua tumbo mbele ya watu. Ningu apandaye mto hali. Hujinyima tangu mlangoni mwa mto mpaka akatage huko juu. Kwa hiyo tumbo likifunguka likawa na mayai bila chakula, wanawake hupiga vigelegele: hawa wawili nao watajinyima kwa ajili ya watoto wao.

Kisu kikishaingia, posa imekwisha. Binti ni wa yule ambaye samaki ni wake. Njia ya kuivunja ni moja tu, mwenye samaki asimame mbele ya wakwe aseme kwa kinywa chake, "Samaki hakuwa wangu." Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia mtu akiyasema maneno hayo. Ni aibu inayorithiwa.

Bwire alimpenda Nyangeta, binti wa Mama Nyangeta, mjane mwenye mashamba ng'ambo ya mto na ulimi unaokwenda na mashamba hayo. Mshenga nilikuwa mimi. Mahari tulikwisha kuelewana, gauni la bibi harusi lilikuwa kwangu likisubiri pindo, na kilichobaki ni ningu tu.

Mvua za kwanza zilinyesha. Bwire alikwenda mtoni kila asubuhi kabla ya kazi na mgono wake, ule mtego wa fito, akautega, akautegua mtupu. Ningu hawakupanda. Walikuwa chini ya vizimba wakisikiliza debe. Hatimaye akamnasa mmoja, si mtoni hasa, pale mlangoni, ila uso wa samaki ulikuwa umeelekea juu. Bwire alifurahi mno. Angembonyeza tumbo kidogo tu tungeokoa mambo mengi, lakini mila inakataza kulibonyeza, na Bwire ni kijana wa mila.

*

Uani kwa Mama Nyangeta walikuwepo watu wa pande zote mbili. Alikuwepo pia Afande Ndalawa, Mlinzi wa Matumbo, kwani kanuni zilitaka tumbo lolote linalofunguliwa hadharani lifunguliwe mbele ya afisa. Alipewa kiti cha mbele na chai.

Mama Bwire aliweka ungo chini, akaondoa kitenge. Ningu alikuwa mkubwa, anang'aa. Mama Nyangeta alimtazama kwa muda.

"Mnene huyu," alisema.

"Mwaka huu mvua ni nzuri," alijibu Mama Bwire.

Kisu kikaingia. Punje zikamwagika. Zilitoka nyingi, za kahawia, zikabingirika kwenye ungo, na kuku wa Mama Nyangeta akaja akadonoa moja. Hakuna aliyemfukuza.

Afande Ndalawa aliweka kikombe chini, akasimama, akavuta shati.

"Kwa mamlaka niliyopewa na Sheria ya Tumbo," alisema, "namtambua samaki huyu kuwa mali ya Serikali."

Mama Bwire alikaa chini pale pale alipokuwa, kwenye vumbi, na nguo zake za sherehe. Alimwona mwanawe yuko gerezani tayari. Mimi nilitazama viatu vyangu. Mama Nyangeta bado alikuwa ameshika kisu.

"Afande, una hakika?"

"Sheria haina shaka, mama."

"Rudia kwa sauti. Wajomba walioko nyuma hawajasikia."

Afande alikuwa mtu wa kupenda kusikika. Akapanua kifua. "Samaki huyu ni wa Serikali. Si wa kijana huyu, si wa mama yake. Ni wa Serikali."

"Basi karibu, mkwe," Mama Nyangeta alisema. Afande alipotaka kuketi, akamzuia kwa kisu. "Hapana, usiketi. Kwetu mkwe haketi mbele ya mama mkwe."

Afande alibaki wima mpaka sherehe ilipovunjika. Chai yake ilipoa.

*

Wizarani walicheka kwanza. Kisha Mwanasheria Mkuu akaisoma taarifa ya Afande mara ya pili, akaacha kucheka. Aliwaeleza wakubwa kwamba Serikali ikimkana ningu huyu mwenye punje tumboni, itakuwa imewakana samaki wote wenye punje tumboni, na hapo wavuvi wote waliofungwa watoke na faini zao zirudishwe. Na faini hizo zilikwisha kununua magari. Njia ya heshima ilikuwa moja: kuikubali posa, na kutomshtaki Bwire, maana posa ya Serikali haiwezi kupelekwa na mwizi.

"Serikali," Mheshimiwa Lubigisa aliwaambia waandishi, "haijawahi kukimbia majukumu yake. Kama imeposa, imeposa."

Nyangeta alizisikia habari hizo akiwa kwangu. Alikuja kuniuliza kuhusu gauni lake, kama nimkunjie pindo au niache.

"Mjomba Chirangi, nimeolewa na wizara nzima?"

"Inaonekana hivyo, mwanangu."

"Mbona hata salamu haijaleta?" Alitaka kucheka, akashindwa, akaanza kulia juu ya meza yangu ya kukatia. Mimi ni mtu wa vipimo, sijui kubembeleza. Nilimpa kipande cha pamba afute uso, nikasema pindo nitaliacha kwanza.

*

Mama Nyangeta hakulia. Alituma ujumbe Wizarani, na mwenye kuupeleka nilikuwa mimi, kwa kuwa mshenga hana ruhusa ya kukataa. Ujumbe ulisema hivi: mkwe anakaribishwa. Mvua zimeanza. Kwa mila zetu mkwe mpya humlimia mama mkwe shamba kabla hajamchukua mke, na hupokea maelekezo akiwa amesimama.

Mheshimiwa alikuja kulima. Shamba lilizungushiwa utepe akaukata, akapewa jembe lililofungwa kitambaa, akapiga pigo moja, wapiga picha wakapiga zao. Suruali ilipasuka kwenye mshono wa nyuma, pale pale nilipoacha akiba.

"Bado kipande hiki chote," Mama Nyangeta alimwambia.

"Mama mkwe, Serikali italitekeleza hilo kupitia wataalamu wake."

Wataalamu wa Wizara hawakujua kulima, na Walinzi wa Matumbo walisema kazi yao ni matumbo. Waliobaki ni walishaji wa vizimba. Ikatoka amri yenye muhuri: walishaji wote waende ng'ambo ya mto kuhudumia ndoa ya Serikali. Na Bwire akiwemo. Kijana wa watu akashika jembe, akamlimia mama wa mchumba wake kwa niaba ya mume wa mchumba wake.

Nyangeta alikuwa akiwaletea walimaji uji. Siku moja nilimwona anampa Bwire kikombe na kukishikilia kidogo kabla hajakiachia.

"Unalima kwa nguvu," alimwambia.

"Naambiwa mwenye shamba ni mkali."

"Na mwenye mke?"

"Mwenye mke sijawahi kumwona akifika."

Mama Nyangeta shamba lake lilipokwisha alikumbuka la dada yake, na la dada yake lilipokwisha akakumbuka kwamba kuna la marehemu mama yao lililolala. Sijui kama alikuwa na lake moyoni. Nilimwuliza baadaye, akasema alikuwa na njaa ya mahindi tu.

*

Huku ziwani debe likanyamaza. Siku zikapita, hakuna wa kulipiga. Jumapili moja Bwire alinichukua kwa mtumbwi nikaone. Sato ndani ya vizimba walikuwa wamekonda, wanazunguka taratibu upande wao ule ule. Ningu walikuwa chini na pembeni, wengi, vichwa juu, midomo inafunguka na kufumba hewani. Ziwa zima liko nyuma yao. Mto unafurika, maji mekundu yanaingia, harufu ya mvua unaisikia mwenyewe. Wao wanalitazama debe.

"Hawaondoki?" niliuliza.

"Wanasubiri, mjomba."

Niliwaonea huruma. Nikawakumbuka watu fulani ninaowafahamu, nikaacha kuwakumbuka.

Kilichomaliza ndoa ya Serikali hakikutoka ziwani. Kilitoka nyumbani kwa Mheshimiwa. Mkewe alisikia redioni kwamba Wizara imeposa, akamwuliza mumewe, na mumewe akamweleza kwamba aliyeoa ni Wizara kama taasisi, siyo yeye.

"Wewe si ndiye unayeiwakilisha kila mahali?" Mama Waziri alimwuliza. "Hata kwenye kula?"

Begi la Mheshimiwa likawekwa nje ya geti. Nalijua kwa sababu suruali zilizokuwa ndani zililetwa kwangu zipigwe pasi.

Akaja uani kwa Mama Nyangeta. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya posa. Alisimama, maana hakuruhusiwa kuketi, akatoa karatasi.

"Ndugu zangu, Serikali yenu ni sikivu. Baada ya tafakuri ya kina, na kwa kuzingatia maslahi mapana ya taifa, imebainika kwamba katika hatua hii ya mchakato, umiliki wa samaki husika..."

"Sema," alisema Mama Nyangeta.

"...umiliki wa samaki husika, kwa tafsiri pana, ulikuwa bado haujakamilika katika ngazi ya..."

"Mkwe, sema kama watu wanavyosema."

Mheshimiwa alikunja karatasi. Jasho lilikuwa limefika kwenye kola.

"Samaki hakuwa wangu," alisema.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini Mwanasheria Mkuu alikuwepo na alisikia, na sheria ikisikiwa imesikiwa. Kabla wiki haijaisha wavuvi walikuwa wametolewa gerezani. Magafu alipita mbele ya duka langu akiwa amekonda, akaingia, akaniambia nimshonee shati, lisiwe la kijani. Nilifurahi. Nasema waziwazi nilifurahi, na shati sikumtoza.

*

Lakini Nyangeta alikuwa hajaolewa. Mama Bwire alikwenda kwa mwenzake, nami nikamsindikiza.

"Mwenzangu," Mama Bwire alisema, "ningu hawapandi. Umeona mwenyewe. Tukuletee hata sato, tufunge jambo hili. Watoto wanaumia."

"Sato aliyezaliwa ndani ya wavu anapigiwa debe analishwa," Mama Nyangeta alijibu. "Nikimpasua ataniambia nini kuhusu mwanao?"

"Ni mila tu."

"Siyo mila tu. Mimi niliolewa kwa ningu aliyejinyima. Mume wangu alipokufa kulikuwa na siku watoto walikula mimi nikalala. Sikulalamika, kwa sababu niliambiwa mapema, mbele ya watu. Sitaki kisu changu kimdanganye Nyangeta."

Mama Bwire naye ni mjane. Hakubisha tena. Tulirudi, na nilimwona anafuta macho mara mbili njiani. Alikuwa amekwisha kumpenda binti yule kama wake, na hakuwa na la kufanya.

Walishaji walikuwa bado wanalima. Amri ya kuwapeleka ilikuwa na muhuri, na ya kuwarudisha ilikuwa bado inasubiri wake. Bwire akawa anateremka mtoni na mgono kila asubuhi kabla ya jembe. Masika yalikuwa yamekolea. Mgono ulitoka na majani, ukatoka na kaa, ukatoka mtupu.

Asubuhi moja Mama Bwire alinigongea, hana hata kanga ya pili. "Mjomba wake, njoo," alisema. Nilikwenda na futi shingoni.

Walikuwa ukingoni, kwenye kona ya kwanza ya mto: Bwire amelowa mpaka kifuani, Nyangeta, mama yake, na majirani waliokuwa wakiteremka kuchota maji. Kwenye karai kulikuwa na ningu. Alikuwa mwembamba, magamba yamechubuka kwa mawe, kidonda cha mkia kimeanza kufunga. Tumbo lake peke yake ndilo lililojaa.

Mama Nyangeta alipiga magoti, akamshika samaki mikononi, angali hai. Akampitishia kidole gumba tumboni, polepole, tangu kifuani kwenda nyuma. Likatoka yai moja dogo la manjano, na jingine. Punje haikutoka. Akarudia. Hakuna kitu.

"Hajala," alisema.

Tukangoja achukue kisu. Kilikuwa kwenye jani kando yake. Hakukichukua.

"Bwire, umewaona wangapi waliopanda mwaka huu?"

"Huyu, mama."

Mama Nyangeta aliinuka na samaki, akaingia mtoni mpaka magotini na nguo zake, akamshusha ndani ya maji, uso ukielekea juu. Samaki alisimama kidogo mikononi mwake. Halafu hakuwepo.

"Mwenzangu," Mama Bwire alisema kwa hofu, "na kisu?"

"Nimeona kwa mkono."

"Mila inataka kisu."

"Mila ilianza walipokuwa wengi." Akatoka majini, akakamua kanga yake. "Fundi, lile gauni likunje pindo."

Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha Mama Bwire, na kilikatika katikati kwa sababu alikuwa analia. Bwire alisimama na karai tupu mikononi, hajui aliweke wapi, mpaka Nyangeta alipompokea. Harusini tulikula maharage, na sikumsikia mtu aliyeulizia samaki.

*

Mheshimiwa Lubigisa alirudi kwangu baada ya masika. Mkewe alikuwa amemfungulia geti. Kiuno kilikuwa kimeongezeka, na akiba yote niliyoiacha ilikuwa imekwisha.

Wakati nampima aliniambia kwamba habari za yule ningu zimefika juu na zimewagusa wakubwa. Serikali imetambua juhudi za samaki wanaopanda mto. Kwa hiyo Wizara imebuni mpango mpya, wa kwanza wa aina yake: kuanzia msimu ujao, kwenye kila kona ya mto kutakuwa na jukwaa, juu ya jukwaa mlishaji mwenye debe, na pembeni magunia ya punje. Kona ya kwanza atapewa Bwire, kwa kuwa ana uzoefu na sasa ana familia. Sare zitakuwa za bluu, na kazi ni yangu.

Nilishikilia futi. Sikuwa na mazoea ya kumshauri mtu ninayempima.

"Mheshimiwa," nilisema, "ningu apandaye mto hali."

Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu ambaye hakupata nafasi ya kusoma.

"Ndiyo maana tunampelekea, fundi," alisema, akashusha pumzi ili nimalizie kiuno.